Tunaomba Ugomvi Wetu wa Urithi Urudishwe

Evanson Nzau,
Nunguni,
Makueni.

Kwa Wakili Gakenia,
Wote.

KUH: OMBI LA KUVUNJA AMANA YA FAMILIA YA MZEE NZAU, ILI NASI TUPATE LA KUGOMBANIA KAMA WATU WENGINE

Mheshimiwa Wakili,

Nakusalimu kwa heshima, nikijua kwamba una kazi nyingi, na pengine barua hii itakukuta ukiifanyia familia nyingine yale uliyotufanyia sisi. Mimi ni Evanson, mtoto wa kwanza wa Mzee Nzau wa Nunguni, yule mwenye hadwea ya vifaa vya ujenzi, malori, na nyumba za kupangisha kule Emali. Utanikumbuka. Ndimi niliyekaa pembeni ofisini mwako nikiwa nimefunga mikono, nikakataa chai.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo mwezi wa sita na imeisha. Nakuandikia kwa sababu ninyi mawakili mkishagonga muhuri huwa hamrudi kuangalia madhara mliyoacha nyuma.

Kabla yako, mambo yetu yalikuwa yanaeleweka. Baba alikuwa tajiri, hakuwa ameandika kitu chochote, na hakuna aliyemuuliza. Kwetu mtu akitaja kifo chake mwenyewe mezani huambiwa anyamaze, kwamba anakiita. Kila mtu alijua kwamba siku mzee akienda tutamzika vizuri, tutakula, na kabla tenti hazijang'olewa tutaanza. Jirani zetu walianza hivyo, na kesi yao imesomesha watoto wa mawakili wawili mpaka chuo kikuu. Huku ndivyo familia yenye mali inavyojulikana. Hakuna anayeenda kortini kupigania kuku.

Halafu kanisa likaandaa semina ya wanaume, akaja kijana mmoja wa bima mwenye tai. Baba alirudi nyumbani jioni hiyo ametulia kama mtu aliyeokoka mara ya pili. Akaniambia, "Evanson, kumbe mtu anaweza kufa bila kusumbua watu." Nikamwambia, "Baba, nani amesema unasumbua?" Wiki hiyo hiyo alikuwa mlangoni pako.

Sasa nitayataja malalamiko yangu kwa utaratibu.

Lalamiko la kwanza ni hiyo amana yenyewe. Ulimweleza baba kwamba mali itoke kwenye jina lake, iingie kwenye amana ya familia, itunzwe na wadhamini kwa faida yetu sote, na kwamba hata yeye akifa amana haifi. Hapo alipapenda sana. Tangu siku hiyo hasemi tena "shamba langu." Anasema "shamba la amana," kama anayezungumza juu ya jirani mwenye heshima zake. Juzi nimemwomba gunia moja la avokado, akaniambia niwaandikie wadhamini. Na wadhamini ni nani? Ni wewe, ni mchungaji wetu, na ni Wavinya, dada yangu mdogo, ambaye mimi nilimbeba mgongoni akinivuta masikio. Leo namwambia "naomba." Na mimi kwenye karatasi zako naitwa "mnufaika." Wakili, jina hilo huku kwetu tulikuwa tunalisikia wakati wa ukame, wakigawa mahindi ya msaada.

Lalamiko la pili ni bima ya maisha. Ulisema biashara isikatwekatwe vipande, kwa hivyo hadwea na malori vibaki pamoja chini ya anayevijua, yaani Wavinya, na yule ambaye hayumo kwenye biashara afidiwe kutoka kwa pesa za bima, ili asiseme ameonewa. Huyo ambaye hayumo ni mimi. Sikatai. Niliwahi kuwekwa hadweani nikaagiza rangi ya zambarau ya kutosha kaunti nzima, na bado ipo. Lakini hebu fikiria mahali uliponiweka. Fungu langu halipo mpaka baba afe! Sasa nikimuuliza mzee ameamkaje, watu wanatazamana. Akikohoa nikanyamaza, mimi ni katili. Nikikimbia kumletea maji, mke wangu anasema nimekimbia haraka mno, kwamba inaonekana nimetoka kuziota pesa za bima. Mtoto wa kwanza amepoteza uhuru wa kumwambia baba yake "pole."

Lalamiko la tatu linafuata hapo hapo. Kampuni ya bima ilimtuma daktari ampime. Akamkuta na presha, wakasema atalipa zaidi kila mwezi, ila akijirekebisha watamwangalia upya. Baba yangu hajawahi kumsikiliza daktari tangu azaliwe. Lakini aliposikia neno "zaidi," aliacha chumvi siku hiyo hiyo. Akaacha mafuta ya mbuzi. Akaanza kutembea kila asubuhi, na kwa kuwa mzee hawezi kuachwa atembee peke yake, mtoto wa kwanza anatembea naye. Wewe unaishi Wote, kule kwa tambarare. Milima yetu ya huku hata punda husimama chini yake kwanza akafikiri. Baba anapanda akizungumza. Mimi napanda nikitafuta pumzi.

Na anazungumza, Wakili! Ananionyesha mipaka, ananieleza jinsi ng'ombe wa babu walivyoisha kwa kiangazi kule Nuu, na yeye akaja huku kuuza misumari kwa mkono. Siku moja alisimama mbele ya mwembe ulio getini na kuniambia, "Huu si ule nilioupanda wewe ulipozaliwa. Ule ulikufa. Nikapanda mwingine nikanyamaza, mama yako asije akaona ni mkosi." Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema, "Nimeshaandika ya mali. Yaliyobaki ni haya."

Maisha yangu yote mazungumzo yangu na baba hayakuwahi kuzidi "funga geti." Sasa namjua. Najua anachokiogopa, najua anachokicheka. Hili ni tatizo kubwa, kwa sababu ugomvi mzuri wa urithi unahitaji baba ambaye hamkufahamiana sana. Nitasimamaje kortini kusema marehemu alikuwa mtu mgumu, na jana alinisimulia habari za mwembe?

Lalamiko la nne lilikuwa la mke wangu, lakini amekataa liandikwe.

La tano ndilo zito, na naomba ukae chini ukilisoma. Wewe ndiwe uliyemwambia baba, mbele yetu sote, "Mzee, kila anayekutegemea lazima awe kwenye karatasi. Ukimwacha nje leo, atakuja siku ya mazishi na wakili wake, na haya yote tunayoandika yataanza kutetemeka." Baba akatazama dirisha. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Basi tuahirishe mpaka wiki ijayo, nilete wale wengine."

Wale wengine!

Wiki iliyofuata tulimkuta ofisini mwako mama mmoja wa makamo, mkoba umekaa magotini, na kando yake msichana wa sekondari mwenye paji la uso la Wavinya, lile lile, kana kwamba limeazimwa. Baba akasema, "Huyu ni Syombua, wa Migwani. Na huyu ni Kasiva, ni wangu."

Ulikuwepo. Wavinya alisimama, mimi nikasimama. Nilikuwa na hotuba. Kila mtoto wa kwanza wa tajiri huwa na hotuba hiyo tayari kifuani, anaitunza kwa siku ya kaburi. Lakini Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama yetu, hakusimama. Alimtazama Syombua, kisha akasema, "Kumbe ni wewe. Miaka yote huyu anaenda Migwani kununua ndengu, na ndengu hazifiki nyumbani. Nikajua zinapikwa huko huko."

Syombua aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Ulijua kwamba mimi nipo?"

"Nilijua baadaye. Nilikuwa tayari na mtoto."

"Nimekaa na hasira yako kabla sijakuona," Mwaitu akasema. "Sasa nimekuona, naona ilikuwa ya huyu." Akamgeukia baba. Baba yangu, mtu ambaye madereva wa malori humwogopa kutoka Emali mpaka Mombasa, alitoa leso akajipangusa shingo. Halafu Mwaitu akamwambia Syombua, "Sogea huku. Hapo jua linakupiga."

Hotuba yangu ikafia hapo. Mwaitu hakumsemesha baba mpaka mvua iliponyesha. Chakula alimpikia, chumvi hakutia, na hatukujua tena kama ni amri ya daktari au ni hasira.

Sasa linganisha na ilivyopaswa kuwa. Syombua alipaswa kutokea kaburini amevaa nyeusi, akitoka kwenye gari tusilolijua. Wanawake walipaswa kupiga nduru. Mtu alipaswa kunyang'anya maikrofoni. Mwili ulipaswa kurudishwa mochari huku korti ikiamua nani azike. Mimi nilipaswa kushikwa na wanaume wanne nikisema niachilieni. Hayo yote tumeyakosa. Badala yake Kasiva alikuja likizo ya Agosti, ananiita kaka, na amenitengenezea simu. Ni mtoto mzuri. Nakuambia hivyo kwa uchungu.

Lalamiko la sita ni la baba mdogo, Kisilu, mdogo wake baba. Huyu amekuwa akidai kile kipande cha shamba cha chini kando ya mto tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alisema babu alimpa kwa mdomo. Alikuwa na mashahidi, akawatunza kwa chai na nyama miaka yote, akingoja baba afe ili waongee. Baadhi yao wamekufa wakingoja. Wewe ukamwambia baba, "Deni la moyo lilipwe ukiwa hai." Baba akamwita Kisilu, akampa hati ya kile kipande ikiwa tayari imeandikwa jina lake. Alimpa wakiwa wamesimama tu, barabarani.

Kisilu alienda nyumbani akalala na viatu. Siku ya pili alikuja kwangu, uso umemshuka. "Evanson," akaniambia, "sasa mimi nitakuwa nafanya nini?" Mtu amenyimwa adui wake katika uzee, na serikali haina mpango wowote kwa watu kama hao.

La saba, na hili si letu peke yetu. Ugomvi wetu ulikuwa unangojewa na watu wengi. Kuna mama wa mandazi mkabala na mahakama, kuna kijana wa kutoa nakala za karatasi, kuna yule wa kukodisha tenti, kuna kikundi cha maombi ya upatanisho ambacho kilikuwa kimeshatuweka kwenye ratiba. Wote hao umewaondolea riziki kwa kalamu moja. Na tabia hii ikienea kutoka Nunguni mpaka Migwani, kila tajiri akajiandikisha bima, akaweka amana, akawataja watoto wake wote kwa sauti akiwa na meno yake, mahakama zitabaki na wezi wa kuku, na wazee wa ukoo watalazimika kulima.

Kwa hayo yote, ninaomba kwa unyenyekevu amana hii ivunjwe, bima irudishwe ilikotoka, na baba arudishiwe ule ujinga aliokuja nao kwako. Ikiwa sheria hairuhusu, basi nina ombi dogo zaidi. Lile shamba la mawe la Nuu, lisilomea hata magugu, liache nje ya amana bila jina la mtu. Usiliandike popote. Tutajitahidi na hilo. Mawe si kitu. Familia yenye nia inaweza kukaa nayo kortini hata kizazi kizima.

Na kama hilo nalo limeshaandikwa, basi kosea jina moja tu. Kwenye nakala yako ya hati ya kando ya mto, mahali pa Kisilu weka Kisila. Tutajua la kufanya.

Naomba nisiseme zaidi nikaonekana mkorofi. Mwaitu anakusalimu, anasema siku ile ofisini kwako alisahau mwavuli. Wavinya anakusalimu kama mdhamini kwa mdhamini. Kisilu hakusalimu. Mke wangu anasema nimalize, chakula kinapoa. Wasalimie wote wa nyumbani kwako na karani wako yule mpole aliyeniletea chai mara ya pili, nami nikaikataa tena.

Ni mimi, kwa masikitiko na heshima,
Evanson Nzau,
Mtoto wa kwanza, na kwa sasa mnufaika.

Nyongeza. Nilipomaliza kuandika haya niliyaacha mezani, mzee akayaona. Aliyasoma yote akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Nilijua leo nimekwisha. Alicheka mpaka akashika kiti. "Itume," akasema. "Wakili naye anahitaji kucheka. Lakini hapo kwa leso rekebisha. Mimi sikumwogopa mama yako siku ile. Niliona aibu. Kuogopa ni kitu kingine." Nikamwambia nitarekebisha. Nikazubaa, kama kawaida yangu, barua ikakaa mezani.

Wakili, habari umeshazipata, na salamu zako za pole zilisomwa. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Mzee alitoka shambani, akakaa barazani kuvua mabuti, akavua moja. Nilikuwa ndani nikimwambia kitu, nikaona hajibu.

Hukuweza kufika, kwa hivyo nikueleze. Tulimzika siku tuliyopanga. Mwili haukurudi mochari. Bima ilishughulikia mambo yake kimya kimya, benki iliyokuwa na mkopo wa malori ikaridhika, na hakuna lori lililouzwa. Mwaitu na Syombua walikaa benchi moja. Hawakukumbatiana, usije ukafikiri ni mambo ya televisheni. Walikaa tu, kila mmoja na leso yake. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, watu wote wakamgeukia Kisilu, na wengine wakasogea mbele wasije wakakosa. Kisilu akachukua maikrofoni. Akasema kwamba walipokuwa wadogo mto ulifurika, Nzau akambeba begani kumvusha kwenda shule, na katikati ya maji kiatu cha Nzau kikachukuliwa. Kilikuwa kiatu cha pekee alichowahi kununuliwa. Angeweza kukishika kama angemwachilia mdogo wake kidogo tu. Hapo akamrudishia mchungaji maikrofoni.

Hadithi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Kisilu alikaa nayo miaka yote hiyo ya kuwalisha mashahidi.

Na mimi nilisimama pale mikono mitupu. Hakuna aliyenishika, kwa kuwa sikuwa nikimwendea mtu. Sikuwa na mpaka wa kutetea wala mtu wa kumfukuza. Nilikuwa na baba yangu tu, na udongo, basi nikamlilia. Nililia hadi Kasiva akaja akasimama karibu yangu. Nimehudhuria mazishi mengi ya watu wenye mali, Wakili, lakini sikuwa nimewahi kuona tajiri akililiwa. Watu huwa na kazi nyingi.

Kwa hivyo ombi langu lote nalifuta. Barua naituma kwa sababu mzee alisema itumwe, na ile ya aibu nimeshairekebisha, iko hapo juu kwa maneno yake mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Mwaitu naye anataka aandikiwe mambo yake. Nilimwambia, "Mwaitu, una mbuzi wachache na cherehani moja, hivyo havihitaji wakili." Akaniambia, "Cherehani ni ya Kasiva. Iandikwe mapema, kabla Wavinya hajaanza kunipenda kupita kiasi." Tafadhali tuambie siku utakayokuwa na nafasi nimlete. Safari hii, karani akileta chai, nitakunywa.